Nafasi Aliyoiacha Dancille

Watu wa Goma walimjua Dancille Habumugisha kama mwigizaji wa Hollywood, lakini jukwaa lililomlea lilikuwa la Brusele, Ubelgiji. Alifika huko msichana mdogo, akapokewa na shangazi yake, akasomea uigizaji, kisha miaka mingi akacheza katika ukumbi mmoja karibu na kituo cha treni. Alicheza malkia, alicheza wachawi, na mara moja alicheza mfalme mzee hadi watazamaji wakasimama kumpigia makofi taa zikiwa zimeshawashwa. Walikuja kwa ajili ya sauti yake.

Kisha Hollywood ikamwita. Kule hakuna aliyemwuliza habari za malkia. Alifungwa kilemba, akapewa mtoto wa kupakata, akaambiwa alie. Filamu baada ya filamu alikuwa mama mkimbizi asiye na jina. Akavumilia.

Hatimaye mwongozaji mmoja akampa nafasi kuu: mama wa Kivu ambaye mwanawe anauawa barabarani. Dancille alisoma maneno yale mara mbili. Kaka yake, Fortunat, aliuawa hivyo hivyo karibu na Kalengera, mwaka ule familia ilipokimbilia Goma. Mwongozaji alikuwa amemsikia akiisimulia habari hiyo redioni, akataka iingizwe yote: jina la marehemu, shati lake, na namna mama alivyomkuta.

"Hapo ndipo utapata tuzo," alimwambia.

Dancille akasema lazima aende nyumbani kwanza.

Alipitia Kigali, akavuka mpaka kwa miguu, akamkuta mama yake, Mukamugema, akichambua maharage uani, juu ya jiwe jeusi la volkano. Walipomaliza kusalimiana na kupeana habari za ndugu, akamweleza kwa Kiswahili chao cha Goma.

"Ile siku nililia?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Ulimufunika na kitenge yako, ukakaa pale kimya mpaka batu bakakuya."

"Na wewe utafanya nini mule?"

"Banataka nipige makelele."

Mukamugema akaweka ungo chini. "Minaonaka mafilme yako mu telefone ya Vanessa, huyu mutoto ya jirani. Kila mara unalia tu. Nilikuwa minasema, siku moja batamuacha aseme. Sasa banakuacha useme, na kitu ya kusema ni Fortunat?"

"Ni kazi, mama. Pengine nafasi ingine haitakuya."

"Minajua. Sikukatazi. Lakini ukimuweka mule, usiniite niangalie."

Dancille alitamani angekatazwa tu.

Asubuhi alimpigia mwongozaji simu, akamwomba abadilishe jina na shati, na mama wa kwenye filamu anyamaze. Mwongozaji alicheka kwa upole. Bila ukelele ule, alisema, filamu haipo.

"Basi tafuta mwingine," Dancille akajibu, akakata simu.

Akatafutwa mwingine. Filamu ilitoka bila jina la Fortunat, na mwigizaji yule akapata tuzo. Hollywood haikumpigia Dancille tena. Akarudi Brusele, nywele zikiwa zimeanza kuwa na mvi, kwenye ukumbi wake wa zamani.

Jioni moja alikwenda sinema peke yake kuitazama ile filamu. Yule mwanamke alipiga ukelele, na Dancille hakuweza kukana kwamba aliigiza vizuri sana. Alitoka, akatembea kwenye mvua hadi nyumbani. Alijuta, wala hakujidanganya kwamba hajuti. Kesho yake kulikuwa na mazoezi ukumbini. Akaenda.