Babu wa Jicho la Kushoto

Macho ya Bibi yalikuwa hayaelewani. La kulia lilikuwa limetolewa mtoto wa jicho wiki mbili zilizopita. La kushoto lilikuwa linasubiri zamu yake, kesho asubuhi. Basi Bibi akapata mchezo: anafumba moja, anatazama shuka, anafumba la pili, anacheka peke yake.

"Hili jipya linaona shuka jeupe," alimwambia mjukuu wake. "Hili bovu linaona shuka lililomwagikiwa chai."

Mjukuu hakucheka. Alikuwa na mwezi wa pili akijifunza kupiga picha, na picha zake zote za ndani zilitoka njano. Mwalimu alizirudisha na neno moja: weupe! Alikuwa amembishia kimoyomoyo; ukuta wa sebuleni ni mweupe, kila mtu anauona. Sasa alimtazama Bibi akaduwaa. Kumbe weupe haukai ukutani tu! Kuna kitu kichwani kinachousawazisha bila kuomba ruhusa, na kamera haina kichwa, lazima iambiwe.

"Nipigie picha babu yako," Bibi akasema, "kama ninavyomwona kwa hili bovu."

"Lakini Bibi, kesho utamwona vizuri."

"Ndiyo maana. Miaka kumi nimekaa na mzee huyu. Kesho wanamtoa, na sijamuaga."

Mjukuu akachukua kamera.

Babu alikuwa dirishani na gazeti, upande wa kushoto wa Bibi. Tangu ule upasuaji wa kwanza alikuwa hakai kwingine. Mjukuu akapiga picha ya kwanza, akamwonyesha Bibi.

"Huyo ni wa jicho jipya," Bibi alisema. "Makunyanzi yote hayo kayapata lini?"

"Nikikusubiri uvae," Babu akajibu, gazeti likapanda hadi puani.

Mjukuu akafungua sehemu ya kupanga weupe, akapandisha namba. Njano ikaingia.

"Bado."

Akapandisha tena.

"Anakaribia. Ila anang'aa mno."

Akapunguza mwanga, hatua moja, kisha ya pili. Pembe za chumba zikazama, makunyanzi yakalainika, mvi zikageuka rangi ya asali. Yote ambayo mwalimu aliyaita makosa, sasa aliyafanya kwa makusudi. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuingia ndani ya jicho la mwenzake.

Bibi akafumba la kushoto. Akatazama kioo cha kamera kwa jicho jipya, akafumba la kulia, akamtazama mumewe kwa lile bovu, akarudi kwenye kioo kwa jipya. Safari hii hakucheka.

"Ndiye," akasema.

Siku mbili baadaye bandeji ilitolewa, na picha ilikuwa imeshasafishwa. Babu alisimama mlangoni amenyoa ndevu mara mbili, hajui akae upande gani. Bibi aliitazama picha kwa muda mrefu, akaiweka chini ya mto, kisha akapapasa kiti kilichokuwa mbele yake.

"Njoo hapa," akamwambia. "Na wewe nikuzoee."