Shavu Kwenye Kitako

Walimwita Kiherehere tangu akiwa mdogo, na kazi ya uaskari wa wanyamapori haikumponya. Asubuhi ile hakukalika. Mara kachungulia dirishani, mara kafunga upya kamba za buti, mara yuko jikoni anafunua sufuria ya wali.

"Wewe mtoto, acha kufunuafunua!" shangazi yake alifoka toka sebuleni. "Mvuke wote unatoka. Utatulisha mchele leo!"

"Naangalia tu kama umeiva, shangazi."

"Utaiva ukiuacha. Njoo ukae utazame sinema."

Kukaa! Na mchana ana jaribio la kulenga shabaha, la mwisho kabisa. Akikosa, doria basi. Atapelekwa getini kukata tiketi, yeye aliyezoea kulala porini. Mkufunzi alikuwa amechoka kumwambia, "Tulia!" Lakini kila akiambiwa atulie, mwili ndio unazidi kuwasha.

Akakaa ukingoni mwa kiti, goti likimcheza. Shangazi alikuwa mgonjwa wa sinema za kale, zile za nyeusi na nyeupe. Kijana mmoja juu ya farasi anayetimka alifyatua bunduki toka kiunoni, na maadui wakaanguka kama nguo zilizokatikiwa na kamba.

"Uongo mtupu! Kiunoni hata tembo humpati."

"Nyamaza. Wangu ni huyu mzee wa kofia."

Mzee wa kofia alilala nyuma ya jiwe. Akakita viwiko ardhini, akalaza shavu kwenye kitako cha bunduki, akashusha pumzi taratibu. Kidole kikaminya kifyatulio polepole, kama mama anayekamua jipu la mwanawe. Goti la Kiherehere likaacha kucheza. Huyu hakuwa anaigiza.

Bunduki ikalia. Moshi ukapanda, ukatawanyika, na shavu la mzee bado lipo palepale.

"Mbona hainui kichwa, shangazi?"

"Ainue aende wapi? Risasi si imeshatoka? Kuchungulia kutaisaidia nini?"

Kiherehere alijishika shingo. Yeye, hata mlio haujaisha, kichwa kilikuwa juu kutafuta tundu la risasi kwenye shabaha. Na pengine kilianza kuinuka kabla ya mlio.

Jikoni sufuria ilichemka. Alinyanyuka, akafika mlangoni, akarudi akakaa.

Mchana alilala juu ya gunia uwanjani, jua likimchoma kisogo. Alifyatua. Shingo ikamwasha kama imepakwa upupu: inua, inua uone! Akaling'ang'aniza shavu kwenye kitako. Akafyatua tena, na tena, hata risasi zikaisha, asijue hata moja imetua wapi.

Nyuma yake mkufunzi alikuwa na darubini jichoni, akihesabu matundu.

"Inuka, Kiherehere," mkufunzi alisema mwishowe. "Doria kesho alfajiri."

"Kidogo tu, afande," alijibu, shavu likiwa palepale.

"He! Leo mimi ndiye nikungoje wewe?"