Mkate wa Tui la Tatu

Famau alikuwa fundi wa mashua asiye na mpinzani Kismayu, ila tumbo lake lilikuwa limeanza kumharibia kazi. Siku moja aliingia chini ya mashua kuziba nyufa za mkuku, ule uti wa chini, kwa kalafati, akamaliza vizuri, kisha magoti yakagoma. Akajaribu kutoka kwa ubavu, tumbo likakwama kwenye ubao. Wanaume wanne walimvuta kwa miguu mpaka nje, na mmoja wao, Zubeiri, akasema hata papa huwa hasumbui hivyo.

Daktari alimpima magoti, akampandisha kwenye mizani, akaisoma mara mbili. Akamwambia apunguze kilo kumi na tano; nazi, sukari na mafuta aviage. Famau angependa kuzifikisha habari hizo nyumbani zikiwa zimepunguzwa makali, lakini mkewe Ummi alikuwa amekaa palepale akisikiliza. Jioni ile mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa imeshapandishwa juu ya kabati.

Zikafuata wiki tatu za samaki wa kuchemsha, matango, na chai ya mkandaa isiyo na maziwa wala sukari. Mara moja tu alipenya bandarini akala sambusa nne. Alijifuta mdomo vizuri, akasahau ndevu. Ummi akazinusa, na kesho yake akampikia boga kwa maji matupu.

Kilichomtesa hasa ni mkate wa kumimina wa marehemu mama yake, alioula utotoni kule kisiwani Kudha. Kila siku aliusimulia: jinsi tui lilivyochuruzika ukiubinya, jinsi samli ilivyong'aa, jinsi sukari ilivyogandia ukingoni. Na kila akiusimulia, mkate ulizidi kunona. Jumatatu ulikuwa wa nazi mbili. Kufika Alhamisi ulikuwa wa nazi nne.

Masikio ya Ummi yakachoka. Akaenda kwa daktari kumwombea mumewe, akapewa ruhusa ya kipande kimoja Ijumaa kwa Ijumaa, mradi mkate uwe mwepesi. Basi akaishusha mbuzi, akakuna nazi moja, akaikamua mara tatu. Tui la kwanza na la pili akampelekea jirani. La tatu, ambalo lilikuwa maji yaliyosikia tu habari za nazi, ndilo alilosagia mchele. Sukari akatia vijiko viwili, iliki akatia kwa mkono mkunjufu, na sufuria akaipangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Akaupika kwa moto chini na makaa juu ya kifuniko.

Ijumaa hiyo dada mkubwa wa Famau, Mwanapili, alikuwa amewasili kutoka Kudha kutibiwa macho. Sinia lilipotua mbele yao, Famau aliuinamia mkate kama anayekagua mbao zilizooza.

"Mama Nasrudin," akamwambia mkewe, "mkate wenyewe huu umefunga saumu."

Mwanapili akamega, akatafuna, kisha akaacha kutafuna. Alipomeza akataka kujua ni nani aliyemfundisha wifi yake kupika mkate wa mama yao, maana Ummi aliolewa mama akiwa ameshafariki. Famau akacheka. Akasema maradhi ya macho yameteremka mpaka kwenye ulimi, akaanza tena hadithi ya nazi nne.

"Famau, nazi ilikuwa moja, na sisi tulikuwa watoto saba," Mwanapili akamkatiza kwa lafudhi ya Kudha. "Tui la kwanza la mchuzi wa baba. La pili la wali. La tatu ndilo mkate. Nazi nne angezitoa wapi, mchu maskini yule?"

Famau akamega kwa kumridhisha dada. Iliki ikatangulia, kisha ukafuata utamu wa mbali, usiojitangaza. Akafumba macho. Akamwona mama akiinua kifuniko cha makaa kwa kijiti, na wao saba wamechuchumaa kuzunguka jiko, hakuna anayepumua. Ule mkate mnono aliokuwa akiulilia ulikuwa wa Ummi mwenyewe, wa miaka ya neema. Wa mama ulikuwa huu.

Kisha akalivuta sinia zima kwake, akaeleza kwamba mkate wa mama mzazi haumhusu daktari.

Mwanapili akalivuta sinia likarudi.

"Mama alikata vipande saba," akasema. "Chako kimoja."

Mwanapili alipopona akarudi Kudha, lakini kanuni yake ikabaki. Famau akajifunza kukila kipande kile kwa nusu saa, chembe kwa chembe, na kwa miezi mitatu akapungua kilo saba. Hata hivyo jambo moja lilikuwa likimkereketa. Ijumaa moja akampigia dada yake simu, akaiweka kwenye spika ili Ummi naye asikie. Akamwamkia kwa heshima, akaulizia macho, akaulizia jamaa, ndipo akaingia kwenye shauri lake. Kaka yao Khamis, Mungu amrehemu, si alikuwa baharini na baba nusu ya mwaka? Sasa kipande chake kilikuwa kikienda wapi?

Mwanapili akakohoa kwenye simu.

"Nilikuwa nakila mimi," akasema.