Turbo Mbili Kuteremka Kasindi

Sipendi mteja anayenifundisha kazi. Lusenge alikuwa wa aina hiyo, na ubaya zaidi alikuwa shemeji yangu, kwa hiyo nisingeweza kumfukuza. Jumatatu aliingiza gari lake katika karakana yangu hapa Butembo, akazima injini, akabaki ameshika usukani bila kushuka.

"Malachie, gari haivute tena," akasema. "Nakanyaga, inalia tu. Na samedi niko nashuka Kasindi kukamata Hadassa."

Hadassa ni mdogo wangu, mke wake. Anafanya kazi ya forodha pale mpakani na Uganda. Kila baada ya wiki mbili alikuwa akirudi nyumbani kwa msafara, convoi kama tunavyouita: magari yanapangwa foleni, askari mbele, askari nyuma. Lakini mwezi ule msafara wenyewe ulikuwa umeshambuliwa mara mbili na waasi wa porini, na Lusenge aliapa kwamba mke wake hatapanda tena lori linalotambaa. Jumamosi angemchukua mwenyewe kwa gari hili la Japani lenye turbo mbili, feni zinazozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa, na kwenye kile kipande cha pori angekanyaga mpaka mwisho.

"Kuko fasi moja tu ya mubaya, ya kilomita makumi mbili," akasema. "Kama gari iko inakimbia, bale batu ba pori banasikia tu upepo. Kama inakwama, tumekwisha. Donc, isikwame."

Nilimwelewa. Niliogopa pia, sioni sababu ya kuficha.

Ugonjwa wa gari niliupata kabla ya saa sita mchana. Nilitoboa tundu dogo kwenye bomba la moshi, karibu na turbo, nikaunga mrija wa shaba na manometa ya kupimia shinikizo. Lusenge alipokanyaga, mshale ulipanda hadi nusu bar. Moshi ulikuwa unajirundika nyuma ya turbo bila pa kutokea. Injini inayoshindwa kutoa pumzi haiwezi kuvuta nyingine, hata ukiipigia magoti.

Kichujio cha moshi ndani ya bomba kilikuwa kimeyeyuka ndani na kuwa jiwe. Nilikitoa. Bomba lenyewe lilikuwa jembamba, na kwenye kona fundi fulani wa zamani alilikunja hadi likabonyea, laana ya mafundi wavivu. Nilitengeneza jingine la inchi tatu kutoka kwenye turbo hadi nyuma, kila kona nikiikata na kuiunga vipande vipande ili moshi upite bila kujikwaa. Kazi ilinichukua siku tatu. Nilipopima tena, mshale haukufika hata moja ya kumi ya bar.

Ikabaki kulijaribu. Kwingine fundi angelitoa gari mjini, aende nalo mbali, apande na kushuka mpaka aridhike. Kwetu hakuna anayeteremka barabara ya Beni kwa ajili ya kujaribu gari. Kwa hiyo tulilijaribu hapa hapa, kwenye mteremko wa kutokea mjini, mara nne kwenda na kurudi. Liliruka. Lusenge alicheka hadi machozi, na mimi nikavimba kichwa.

"Ikikwama, uniite mbwa," nikamwambia.

Aliondoka Jumamosi kumepambazuka. Saa tatu asubuhi alinipigia simu kutoka Beni.

"Beau-frère, shemeji yangu, gari iko inashituka. Nikikanyaga yote, ni kama mutu anaikamata kwa mukia, kisha anaiachilia."

"Tangu wapi?"

"Tangu nilipita Kalunguta. Huko kwetu juu ilikuwa bien."

Nilijua papo hapo, na nilipaswa kujua tangu Alhamisi tulipolijaribu. Kila dereva wa Kasindi anajua kwamba huku kwetu milimani hewa ni nyepesi na kule chini ni nzito. Lori linalokohoa Butembo hupata nguvu likifika bondeni. Mimi nilikuwa nimeizibua njia ya moshi mpaka turbo zikazunguka kupita kiasi, na kilango kidogo kinachopitisha moshi pembeni ili kuzipunguzia kasi hakikutosha tena. Hewa ya Butembo ilinifichia kosa langu. Kule chini turbo zingesukuma hewa nyingi mno, na kompyuta ya gari ikiona hivyo hukata petroli ili injini isiungue. Ingekata pale tu mtu anapokanyaga mpaka mwisho, yaani pale tu anapokimbia kuokoa roho. Na kadiri angeshuka kuelekea Kasindi, ndivyo ingekata mapema zaidi.

Nilitakiwa kusema hivyo. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini wanaume wawili wa karakana ya jirani walikuwa wamesimama kando yangu, na nilikumbuka jinsi nilivyojitapa.

"Ni petroli," nikasema. "Bale ba kuuzisha ku vidumu banatia maji. Usikanyage sana. Rudia tu Butembo."

"Nirudie? Na Hadassa iko ananingoja? Hapana. Nitaenda polepole."

Akaenda. Saa tano na nusu alinitumia ujumbe kwamba amefika Kasindi salama, hajaona mtu njiani. Nilishukuru Mungu kwa sauti, kisha nikampigia dada yangu haraka.

"Hadassa, usipande ile gari. Ngoja convoi ya kesho."

"Yaya, kaka yangu, kwani iko na nini? Si weye mwenyewe ulitengeneza?"

"Iko inakata."

"Inakata juu ya nini?"

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nilikuwa peke yangu sasa, hata wale majirani hawakuwepo, na bado nilishindwa. Miaka yote huyu mtoto alikuwa akiwaambia watu mpakani kwamba hakuna fundi Butembo nzima kama kaka yake.

"Petroli iko mubaya," nikasema.

"Ni petroli tu?"

"Ni petroli tu. Mais, hata hivyo, ungoje convoi."

"Sawa, yaya. Wasingya," akanishukuru kwa lugha ya kwetu, na nikaamini kwamba amekubali. Niliketi, nikala hata viazi.

Saa saba ujumbe wake uliingia: *Yaya, usiogope tena. Tumemwaga ile petroli yote, tumetia ingine ya Uganda, ya safi. Lusenge amejaribu hapa ku parking, inalia muzuri sana. Tumetoka.*

Nilipiga simu yake. Haipatikani. Nilipiga ya Lusenge. Haipatikani. Kule porini hakuna mtandao, najua, lakini nilipiga hadi betri ikaisha. Nikaichomeka ukutani, nikaendelea kupiga nikiwa nimechuchumaa kando ya waya. Nilikuwa nasema kwa sauti, peke yangu, "Asikanyage yote, asikanyage yote."

Saa kumi simu iliita. Alikuwa Manassé, dereva wa lori ninayemtengenezea breki, aliyekuwa akiteremka na msafara kutoka Beni.

"Malachie, tumekuta gari ya shemeji yako. Iko katikati ya barabara, milango yote wazi. Hakuna damu. Hakuna mutu. Basoldat, bale askari ba convoi, banafuata nyayo mu pori." Akaongeza: "Nimegeuza ufunguo, imewaka mara moja. Injini iko bien kabisa. Donc, hapana kosa yako."

Nilikata simu bila kumuaga; kosa langu halionekani mpaka mtu akanyage mpaka mwisho.

Mama yetu, Mama Virginie, alikuwa ameingia uani. Habari mbaya Butembo haihitaji kutumwa. Alisimama mbele yangu na kitambaa chake cha kanisani bado kichwani.

"Banasema ilikuwa petroli," akasema.

"Hapana, Mama. Petroli ilikuwa muzuri. Ni miye niliharibu gari. Nilijua tangu asubuhi. Hadassa aliniuliza, nikamudanganya."

Mama alikaa juu ya tairi lililolala pale. Nilingoja anipige au anilaani, ningefurahi angefanya hivyo. Aliniuliza kama najua Hadassa alivaa viatu gani, kama ni vya kutembea navyo mbali porini.