Kona ya Paskazia

Jumapili, tarehe tisa Juni 2024, saa tisa alasiri, mwanasheria Venant Bugomola alianguka akipiga pasi. Alikuwa nyumbani kwake Kiseke, anawanyooshea binti zake wawili sare za Jumatatu, kazi ambayo hakumwachia mtu, hata mkewe. Pasi ikabaki juu ya sketi mpaka ikatoboka. Mimi nilipigiwa simu na jirani yangu Bashiru saa kumi, kwamba amefariki, nikakaa chini palepale kwenye mawe. Nililia, sitaficha. Nilikuwa nalilia vitu viwili: yeye mwenyewe, na karatasi ya mke wangu.

Mke wangu Paskazia alifariki mwaka 2021. Nilimzika uani kwangu, huku mlimani Mwamagoye, maana sisi Wasukuma mtu wetu tunamlaza nyumbani. Alikufa kwa sababu barabara tuliyoahidiwa kila uchaguzi haikuwepo. Tulimshusha kwa kitanda, watu wanne, tunapenya katikati ya mawe, gari linatusubiri chini kwenye lami. Hatukufika. Miaka mitatu baadaye ndipo wakubwa wakaikumbuka barabara, na walivyoichora, ikapita juu yake.

Aliyesimama upande wangu ni huyu mwanasheria wa halmashauri. Mshahara wake ni wao wanaolipa, lakini aliwaandikia kwamba barabara ilikwepe kaburi. Bwana Obedi, mkubwa wa mipango, akamwuliza mbele yetu kwenye mkutano wa mtaa, "Wewe Venant, unaitumikia ofisi au makaburi?"

"Ofisi," akajibu. "Ndiyo maana sitaki huyu mzee aishtaki."

Tulicheka mpaka Obedi naye akacheka kidogo. Ikakubaliwa wapimaji waje, wapime kaburi lilipo, barabara ipigwe kona.

Sasa mimi sikuwaamini. Watu waliomwacha mke wangu afie njiani, leo wamlindie kaburi? Nikasema hawa wanataka kujua alipolala ili wamfukue upesi wakamtupe kwingine. Asubuhi ya kupimwa, kabla hawajafika, nikang'oa msalaba, nikabeba mawe moja moja, nikayapanga upya hatua kumi na moja pembeni, karibu na mwamba, nikausimika msalaba hapo. Wachimbe patupu, nikasema. Wakaja, wakapima, wakaondoka. Ramani ilipotoka, barabara ilikuwa imepiga kona nzuri kabisa, inayakwepa yale mawe yangu matupu, halafu inampitia Paskazia kifuani.

Alhamisi, siku tatu kabla ya ile Jumapili, nikamwungamia Venant. Alikuwa ametoka kuwachukua binti zake shule, kama kila siku. Saa yao ikifika anafunga faili, hata kama mkurugenzi anaongea. Aliwaacha kwenye gari wanatafuna mahindi, akapanda kwangu. Nilipomaliza kueleza akaushika mwamba kwa kicheko.

"Shikamoo baba," akasema, wakati tulikuwa tumeshasalimiana. "Umeidanganya serikali, ikakutii."

"Nimefanya ujinga."

"Umefanya. Lakini unapimika."

Akavua viatu, akatembea mwenyewe kutoka kwenye msalaba hadi alipolala mke wangu, anahesabu kwa sauti. Akaandika. Simu ikalia, akajibu, "Mama Queen, nipo kwa Mzee Masele, usipakue bila sisi." Kisha akanisomea karatasi mara tatu. Ndivyo alivyokuwa. Hakukupa kitu uweke dole gumba mpaka umrudishie kwa mdomo wako alichosoma.

"Haya, sema wewe."

Nikasema yote, na hatua kumi na moja zangu.

"Kesho naipeleka kwa mkono wangu," akasema. Sikuonana naye tena.

Jumatatu nikaenda ofisini kwao. Karatasi? Hakuna karatasi, mzee. Ramani ni hii hapa, greda linakuja Ijumaa. Nikawaambia marehemu aliandika. Wakanipa pole.

Jumatano tukavuka kwa kivuko kwenda kumzika kwao Sengerema. Watu walikuwa wengi, turubai tatu. Aliyesoma wasifu ni Obedi. Akasema marehemu alikuwa nguzo ya ofisi, mshauri wa kusikilizwa.

"Si ndiye aliyemfokea?" Bashiru akaninong'oneza.

"Nyamaza."

"Nakukumbusha tu."

Kisha kaka wa marehemu akashika kipaza sauti, akasema yale ya siku zote: aliyekuwa anamdai marehemu, au anayedaiwa naye, awaone wanafamilia. Huwa hasimami mtu. Watu huenda baadaye, taratibu, kando. Lakini Ijumaa ilikuwa keshokutwa. Nikasimama.

"Mimi namdai."

Turubai zote zikageuka. Kaka akauliza, "Kiasi gani, mzee wangu?"

"Si hela. Namdai karatasi. Alisema anaipeleka ofisini, ofisi inasema haikuiona. Ijumaa greda linampitia mke wangu."

"Mzee ana uchungu," Obedi akasema. "Mketisheni."

Bashiru akanivuta koti, sikukaa. Hapo Getruda, mjane wa Venant, akainuka kwenye mkeka. Wanawake wakamshika.

"Niachieni," akasema. "Huyu ni Mzee Masele wa kona. Alhamisi nzima tulimcheka mezani."

Akaingia ndani. Akatoka na begi la kazi la mumewe, alilokuja nalo kutoka Kiseke, akapekua, akatoa karatasi, akaisoma kwa sauti, mbele ya jeneza. Kaburi la Paskazia Masele, hatua kumi na moja mashariki ya msalaba. Akaisoma mara ya pili. Akaisoma mara ya tatu.

"Hii ni nakala yake," akasema. "Chini kuna muhuri. Imepokelewa, tarehe saba Juni. Na sahihi ya aliyepokea."

Mwanamke mmoja nyuma akaanza kigelegele, akakumbuka alipo, akajiziba mdomo. Miguu yangu ilikuwa inataka kukimbia, sijui wapi.

"Tutalifuatilia," Obedi akasema.

"Lifuatilie sasa, shemeji. Simu unayo."

Akapiga pale pale, anatokwa jasho, msiba mzima unamsikiliza. Ijumaa greda halikuja. Waliokuja ni wapimaji, na mimi nikavua viatu nikatembea mbele yao hatua kumi na moja, nikihesabu kwa sauti kama yeye, Bashiru akinipigia makofi kama mwehu. Vigingi vikahamishwa. Leo barabara ipo, inapiga kona kwa Paskazia, na bodaboda wanashusha abiria wao hapo wakiita "Kona ya Paskazia". Kila nikisikia nasimama.

Lakini nakala ile Getruda alinipa, na ninatembea nayo. Nimeipeleka ofisini mara sita. Muhuri wanaukubali, ni wao. Kila mmoja anaishika, anaiinua kwenye mwanga, anatikisa kichwa, anampa mwenzake. Obedi mwenyewe ameitazama, akaniambia sahihi si yake. Basi aliyesaini aliipokea mkononi mwa Venant Ijumaa, na Jumatatu akaniacha nipewe pole wakati karatasi anayo.

Sahihi hii ni ya nani?