Bakuli la Rangi ya Mafuta

Kathini alikuwa amezoea kutega vitendawili na kuvitegua mwenyewe. Asubuhi, jua la Migwani likiingia dirishani na kuwasha vioo vyake kwenye rafu, angesema, "Nina mgeni hunitembelea kila siku, hajawahi kubisha hodi wala kuonja chai yangu." Kisha angenyamaza kidogo, kwa heshima ya mchezo, halafu ajibu, "Ni jua." Paka hakuwahi kusaidia.

Vioo hivyo vilikuwa mabakuli, vyombo vya maua na kikombe kimoja cha zambarau, kazi za mafundi wa zamani wa nchi za mbali. Vilikuwa vimefika Ukambani vikiwa vimefungwa pamoja na vyombo vya mitumba. Alianza kuvikusanya mwaka ule aliomzika mzee wake, Musyimi. Siku ya soko aliona bakuli katikati ya thamosi na vikaango. Kioo chake kilikuwa cha rangi ya machungwa, lakini juu yake kulikuwa na ngozi nyembamba ya rangi zisizotulia. Ukiligeuza hivi ni kijani, ukiligeuza vile ni zambarau, tena dhahabu, kama mafuta ya lori juu ya dimbwi. Alilibeba nyumbani ndani ya kanga akalitazama mpaka ugali ukaungua.

Aliyemweleza kwamba kuna watu hukusanya vitu kama hivyo ni Abdisamad, mwenye duka kule Mwingi, ambaye yeye mwenyewe huweka chupa za marashi za zamani alizoachiwa na mamake. Tangu siku hiyo Abdisamad akifungua mzigo wa mitumba humwekea Kathini, ambaye humwita Mama Kasiva kwa jina la bintiye, kilicho cha kioo. Na kila mwaka hukutana kwenye maonyesho ya wakusanyaji mjini Kitui, katika ukumbi wenye redio za betri kubwa, taa za chemli, pasi za makaa na sarafu zenye tundu katikati.

Kwenye maonyesho kila meza hupewa viti viwili. Wengine huja na mume, na dada, na rafiki wa kanisani. Kathini kiti cha pili alikuwa akikiwekea mkoba.

Mwaka huu alimpigia simu Kasiva, mtoto wake wa pekee, aliyeolewa Wote, kule Makueni. Kasiva hakuwa amelala kwa mamake tangu mazishi ya babake. Hawakuwa wamegombana. Ni watoto, ni shamba, ni kwaya, ni simu za kusema "mama nitakupigia." Kathini alimwambia anahitaji mtu wa kumsaidia kubeba. Haikuwa kweli, kubeba alijua. Alichotaka ni mtoto wake aketi kwenye kile kiti siku moja, aone kile anachokiona yeye. Maana siku atakayoondoka duniani, kama hakuna aliyekiona, vioo vile vitakuwa vya kuchotea maji ya kuku.

Kasiva akasema sawa, atakuja. Akaja kweli, na mkate na sukari, wakala, wakalala kitanda kimoja kama zamani.

Asubuhi Kathini alienda kwa jirani kuchukua maziwa. Aliporudi alikuta moshi jikoni, uwanja umefagiwa, na vyombo vyake vya kioo vyote vimepangwa kwenye kichanja cha nje, vikidondosha maji. Mwanamke akija kwa mamake haketi kungoja kuhudumiwa. Kasiva alikuwa amechutama kando ya karai, mikono ya majivu mpaka kwenye viwiko.

"Vingine nimeviosha kwa sabuni tu," alisema, na akainua bakuli. "Lakini hii, mama, hii ilikuwa na mafuta imeshika, sijui ya miaka mingapi. Nimeisugua na majivu na mchanga mpaka mkono ukauma. Sikiza." Akapitisha kidole ukingoni. Bakuli lililia mchh, kama sufuria iliyotakata.

Ni Kathini aliyemfundisha hivyo. Kasiva akiwa mdogo, chombo kisicholia kilirudishwa karaini.

Alilipokea bakuli. Lilikuwa la machungwa tu, lenye mikwaruzo, kama chupa ya soda iliyookotwa njiani. Chini kabisa, karibu na kitako, palibaki doa la zambarau lisilozidi ukucha. Maziwa yalikuwa bado katika mkono wake mwingine.

"Mama, mbona umenyamaza?"

"Naangalia vile limetakata," alisema Kathini. "Wewe hujasahau kazi."

Kasiva akacheka, akamwaga maji ya karai kwenye migomba.

Ukumbini Kathini alitandika kitambaa cheusi. Kasiva alipanga vioo kwa urefu, kama watoto wa shule, na bakuli akaliweka mbele kabisa kwa sababu ndilo lililomtoa jasho. Kisha akaketi kwenye kiti cha pili. Mkoba ulikaa chini.

Watu walipita. Mwanamume mmoja aliuliza, "Na hii ni ya kuweka nini?"

"Ni ya kutazama," Kathini akamjibu.

"Ya kutazama tu? Basi wa kutazama nina mke wangu, sihitaji ingine." Akaenda kwa redio, akicheka peke yake.

"Mama, huyu ameongea kweli kidogo," Kasiva alisema. "Hivi watu huja hapa kutafuta nini?"

"Kwata ndai," akasema Kathini, akitega kitendawili kwa Kikamba vile alivyomtegea zamani jikoni.

"Nakwata."

"Nimeishika mkononi, lakini mwanga unaipita kama haina mlinzi."

Kasiva alifikiri, akatazama simu yake, akafikiri tena. "Chujio?"

"Nipe mji."

"Chukua Wote."

"Wote nitaifanyia nini, na wewe ndiwe uko huko?"

Wakacheka wote wawili. Kathini alisahau kumwambia jibu, ingawa lilikuwa limejaa meza nzima.

Abdisamad alifika na chai mkononi. Alisalimia, akauliza habari za safari, kisha akaona bakuli. Alilichukua, akaligeuza kuelekea dirishani, akaligeuza tena. Akamtazama Kathini.

"Mama Kasiva, hii ni ile ya..."

"Ni nyingine," Kathini alisema upesi. "Huyu ni binti yangu. Amenioshea vyote."

Abdisamad alimtazama Kasiva, aliyekuwa akitabasamu kwa fahari. Alilirudisha bakuli polepole, kama mtu anayelaza mtoto. "Mungu amlipe," alisema. "Una bahati ya mtoto." Alikuwa mtu pekee ukumbini aliyejua kilichokufa, na hangeweza hata kutoa pole.

Kabla ya saa nane simu ya Kasiva ililia. Mtoto wake mdogo ana homa, baba yake hajui dawa iko wapi. Alisimama akitafuta viatu.

"Mama, si utaweza kubeba?"

"Nitaweza. Nenda."

"Naweza kuchukua kimoja? Hii niliyosugua. Sasa inafaa kutiliwa matunda."

Kathini alilifunga kwa gazeti. Kwetu chombo hakitolewi kitupu, kwa hivyo alitia ndani maembe mawili aliyokuwa amejibebea ya mchana. Kasiva alimkumbatia, akaondoka kwa haraka ya watu wenye watoto.

Mkoba ulirudi kitini.

Alikuwa akikunja kitambaa cheusi jioni Kasiva alipopiga. Homa imeshuka. Watoto wamekula maembe, na jirani wa kanisani ameuliza bakuli limetoka wapi. Nyuma yake vijiko viligonga kioo.

"Uwe ukiliosha kwa maji tu," Kathini alisema. "Maji na kitambaa."

"Kwani nilifanya vibaya?"

Kathini aliketi. Ukumbi ulikuwa karibu mtupu, mtu alikuwa akiburuta meza.

"Yale mafuta hayakuwa mafuta," alisema. "Ilikuwa rangi yake. Ninayo ndogo nyingine nyumbani, sandukuni, ya namna hiyo hiyo. Ukija nitakuonyesha, asubuhi, jua likiingia."

"Ai, mama." Sauti ya Kasiva ilishuka. "Na ukanyamaza siku yote."

"Ulikuwa umekuja."

Mtoto alimwita Kasiva, naye akamwambia angoje.

"Nitakuja lini sasa, mama? Wacha niongee na baba yao. Nitakupigia."

"Haya," alisema Kathini. "Nitangoja."

Alifunga kikombe cha zambarau kwa gazeti, kisha chombo cha maua, kisha kile kingine, akivilaza kwenye katoni kimoja kimoja. Abdisamad alikuja akashika upande wa pili wa katoni bila kuombwa, wakaibeba mpaka nje.