Utando Juu ya Kioo

Siku ile gazeti lilipotoka, Jicho Kali alikuwa mtu mwenye furaha kwa dakika kama arobaini hivi.

Jicho Kali si jina alilopewa na wazazi wake, ni jina la safu yake. Kila Ijumaa, kwa miaka kumi na mmoja, alikuwa akiandika habari za simu, redio, televisheni na kila kidude kinachotumia umeme, na wasomaji wakamzoea hivyo hata fundi viatu wa jirani akawa anamwita "Jicho" tu. Sifa yake ilikuwa moja: hapaki mtu mafuta. Kitu kikiwa kibovu alisema ni kibovu, hata kiwe kimetengenezwa na nani.

Ijumaa hiyo zamu ilikuwa ya Kiganja. Kiganja ilikuwa mashine mpya ya gemu, ya kushika mkononi, iliyoundwa na kampuni changa yenye wafanyakazi wasiozidi thelathini, na uzinduzi ulikuwa siku hiyohiyo saa nane mchana. Mji mzima ulikuwa unaizungumzia. Kampuni ilimletea moja mapema, ndani ya boksi zuri, pamoja na barua ya heshima. Akaicheza siku tisa. Kisha akaandika:

"Kioo chake kimefifia kama dirisha la bafuni. Rangi zimepauka, na ukigusa kwa kidole inabidi urudie mara mbili ndipo kisikie. Aliyekikagua kioo hiki ama hana macho au hana haya."

Hapo kwenye neno haya alikuwa amecheka peke yake. Mwishoni kabisa, kwa sentensi mbili tu, aliongeza kwamba kitufe cha juu upande wa kulia hukwama mchezo ukinoga.

Basi alikuwa sebuleni, chai mkononi, anausoma uhakiki wake kwa mara ya tatu, mama mkwe wake alipotoka chumbani. Mama huyo alikuwa amekuja mjini kwa matibabu ya mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa bado limefungwa bandeji. Maisha yake yote alikuwa fundi cherehani, na mikono yake haikujua kukaa bure. Aliketi, akakiokota Kiganja pale mezani, kikiwa bado kinawaka, akaanza kukipapasa huku na huku kama anayetafuta mshono.

"Hiki ndicho ulichokiandika gazetini, baba?"

"Ndicho, mama."

"Binti yangu kanisomea. Umewasema kwelikweli." Kidole chake kikasimama kwenye kona ya kioo. "Mbona hamjakivua nguo yake?"

"Nguo gani, mama?"

"Hii hapa."

Akaingiza ukucha, akavuta. Utando mwembamba wa plastiki, wenye ukungu, ukabanduka wote kwa pamoja mithili ya ganda la kitunguu. Chini yake kioo kikang'aa. Majani yalikuwa ya kijani hasa, anga ilikuwa ya buluu hasa, na mama mkwe alipokigusa kwa bahati mbaya, yule mtu mdogo ndani ya gemu akaruka papo hapo.

"Enhe," akasema mama. "Sasa hata mimi naona, na jicho langu moja."

Jicho Kali aliweka kikombe chini. Mkewe, aliyekuwa anavaa viatu aende kazini, alisogea akatazama kioo, akautazama ule utando, kisha akamtazama yeye.

"Siku tisa," mkewe akasema.

"Nilidhani ndivyo kilivyo."

"Hakikuja na kikaratasi cha maelezo?"

Kilikuja. Alikitupa bila kukifungua. Alikuwa na desturi ya kuwaambia wasomaji kwamba kifaa kizuri hakihitaji maelezo.

"Utafanya nini?" mkewe akauliza.

"Sijui."

"Unajua," akasema mkewe, akachukua mkoba, akatoka.

Simu ikaita. Alikuwa mhariri wake, sauti imejaa kicheko. "Jicho! Leo umewasha moto! Redioni wamesoma ile ya dirisha la bafuni mara mbili. Watu hawana habari nyingine!"

Hapo ndipo mahali pa kusema. Maneno yalifika hadi kwenye ulimi, yakageuka, yakarudi tumboni. "Nashukuru, mkuu," ndiyo yaliyotoka.

Baada ya hapo hakukalika. Alizunguka sebule, akaenda jikoni akasahau alichofuata, akarudi. Alijiambia kwamba hakuna anayejua ila watu wawili, na wote wawili ni wa nyumbani. Alijiambia pia kwamba watu wataviona vioo wenyewe wakishanunua. Kisha akawaza: nao watanunuaje, nami nimewaambia wasinunue? Kufika saa saba alikuwa amebadilisha shati mara mbili.

Ukumbi wa uzinduzi ulikuwa na viti mia tatu, na zaidi ya nusu vilikuwa vitupu. Mlangoni kinamama wawili walisimama na gazeti lake, mmoja akimwambia mwenziwe, "Tusubiri toleo la pili, shoga. Si umesoma?" Jicho Kali akainamisha uso, akapita upesi kama mtu aliyeiba.

Kabla hajapata kiti cha nyuma, mtu alimgusa bega. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani juu ya paji la uso, mikono ina vumbi la maboksi. Ndiye aliyeiunda mashine ile. Wenzake walimwita Injinia tu.

"Kaka, samahani," akasema. Sauti ilikuwa ya upole, na upole huo ulimchoma kuliko matusi. "Tangu saa tatu nimefungua maboksi kumi na manne. Nimevipanga vioo dirishani, nimevipanga gizani, sioni kasoro. Naomba unisaidie, chako kilikuwa na namba gani chini? Nataka nijue fungu lipi limeharibika."

"Namba..." akasema Jicho Kali.

"Nimeshamsimamisha kazi aliyekagua vioo. Yeye anaapa alivikagua vyote. Lakini wewe umeandika, nami nifanyeje?"

Akaonyesha kwa kidevu. Pembeni mwa ukumbi, karibu na ukuta, alisimama mama mmoja mwenye koti la kazini. Kitambulisho chake cha shingoni kilikuwa kimeshavuliwa. Amebaki kuzungusha kidole mahali kilipokuwa.

Jicho Kali alijikaza kisabuni, akasema yote kwa pumzi moja.

"Sikuibandua nailoni."

"Umesemaje?"

"Ile nailoni ya juu ya kioo. Sikuibandua. Nimeiona leo asubuhi. Kioo ni kizuri."

Injinia alishusha miwani machoni, akamtazama kana kwamba yeye ndiye kifaa cha kukaguliwa. "Siku tisa?"

"Siku tisa."

Hakucheka. Alimshika mkono wa shati, akamvuta hadi ukutani, akamsimamisha mbele ya yule mama. "Mwambie huyu. Maneno yaleyale."

Akayarudia. Yule mkaguzi alisikiliza hadi mwisho.

"Baba," akasema, "mimi nimevitazama vioo elfu mbili na mia nane, kimoja kimoja. Niliposoma gazeti nilijifungia chooni nikajipima macho kwa maandishi ya kopo la sabuni. Nilishaanza kuamini nimepofuka." Akaonyesha jukwaa. "Sasa panda pale juu useme."

Akapanda. Alipoishika maikrofoni, kishindo cha pumzi zake kilisikika ukumbi mzima. Alieleza: boksi, siku tisa, kikaratasi alichokitupa, mama mkwe na ukucha wake. Alimwomba radhi yule mkaguzi hadharani. Kicheko kilianzia nyuma, kikasambaa.

"Jicho Kali au Jicho la Nailoni?" mtu akapaza sauti, na ukumbi ukaangua kicheko.

Aliwaacha wacheke. Kisha akasema, "Lakini kitufe cha juu cha kulia kinakwama. Hilo ni kweli."

Wakacheka zaidi. Mmoja alisema labda na hicho alikibonyeza kikiwa bado ndani ya boksi. Hakuna aliyemwamini, na hilo lilimtia uchungu mpya, kwani safari hii alikuwa na hakika. Ni Injinia peke yake asiyecheka. Alikuwa amechukua Kiganja mezani, anakibonyeza kwa kidole gumba, haraka haraka, hapepesi macho.

Aliposhuka, Injinia alimfuata. "Kinakwama baada ya muda gani?"

"Kama saa moja. Kikishapata joto la mkono."

"Sisi tulijaribu nusu saa kila kimoja," akasema Injinia, na uso ukamshuka.

Ilikuwa zamu yake kuogopa. Mauzo yalikuwa yaanze baada ya dakika ishirini, na watu, baada ya kusikia habari za nailoni, walikuwa sasa wanajazana mlangoni. Jicho Kali aliketi naye nyuma ya jukwaa, kila mmoja na mashine yake, yule mkaguzi na ya tatu, wote watatu wakibonyeza bila kusema neno, huku msemaji wa kampuni akiwachekesha watu kwa hadithi ndefu ili kuvuta muda. Dakika ya hamsini na tatu, kitufe cha mkaguzi kilizama, hakikurudi. Kikafuata cha Injinia.

Injinia alitoka mwenyewe kuwaambia watu kwamba Kiganja hakitauzwa siku hiyo. Wengine walizomea. Mauzo yakaahirishwa wiki tatu, na vitufe vyote vikabadilishwa.

Yule mkaguzi alirudishiwa kitambulisho siku hiyohiyo, ila hakumpa Jicho Kali mkono walipoagana, naye Jicho hakumlaumu kwa hilo. Mhariri alichapa masahihisho ukurasa wa kwanza, akamsimamisha kuandika miezi miwili, na mazungumzo yao ya simu hayakuwa na kicheko tena.

Safu iliporudi, kitu cha kwanza alicholetewa kilikuwa birika la umeme. Lilivuja. Alilijaza maji mara kumi na mbili, akalifuta, akasoma maelezo yote hadi anwani ya kiwanda, akampigia simu aliyelitengeneza kumuuliza kama kuna asilolijua. Lilivuja tu. Akaandika hivyo, akakaa mbele ya kompyuta nusu saa, kidole juu ya kitufe cha kutuma. Kisha akatuma.

Alikuwa sahihi. Lakini asubuhi ya Ijumaa, gazeti lilipopitishwa chini ya mlango, aliliacha sakafuni mpaka mkewe alipoliokota.